Bati la Chini ya Pikapu

Kwanza ujue kwamba nyumba ilikuwa wazi. Ukishalijua hilo, mengine yote utayaelewa. Asubuhi na mapema akina mama wa kikundi cha mabati walipanda juu ya nyumba ya Gathoni, kwenye mgongo wa kwanza wa milima ukipita Othaya kuelekea Kiriaini, wakang'oa nyasi za paa lote na kuzirusha uani huku wakiimba, hata mtu akisimama kando ya kitanda cha mama huyo mzee aliona mawingu. Ndivyo walivyofanya kwa kila mmoja wao. Asubuhi nyasi zinashuka, fundi anapigilia mbao, mchana mabati yanafika, na jioni mwenye nyumba analala chini ya paa jipya. Tangu kikundi kianze, hakuna mama hata mmoja aliyewahi kulala nje, na walilijivunia jambo hilo kuliko mabati yenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, wakati bati lilipokuwa bati kweli, na mwanamke aliyeezekwa nyumba alitembea kanisani Jumapili akiwa amenyoosha shingo. Gathoni alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi. Lakini kila zamu yake ilipofika aliitoa. "Mpeni yule ana watoto wachanga," alisema. "Mpeni yule mwingine, kuta zake zinabomoka. Mimi na nyasi zangu tumezoeana." Akakohoa, akacheka, akarudi ndani kwenye moshi wake. Kila masika kifua kilimshika zaidi, na mwanawe Kahiga alipomsihi aichukue zamu yake alimfukuza kama kuku. Mwishowe ni Monicah, mwenyekiti, aliyemaliza ubishi. "Zamu hii ukiitoa, Gathoni, tutakufunga kamba kwenye mti wa mparachichi na kuezeka nyumba ukitazama."

Kwa hivyo siku hiyo Kahiga alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kati ya Nyandarua na Kirinyaga. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubeba kabichi, na kikundi kilikuwa kimempa yeye heshima ya kuleta mabati ya mama yake kutoka mjini Nyeri. Mabati yalikuwa nyuma, yamefungwa kwa kamba ya katani, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Monicah alikuwa mbele kando yake, mkoba magotini, akisimamia kila kona ya barabara kana kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani.

Walikuwa wanateremka kuelekea mto Gura Monicah aliponyanyua pua.

"Kahiga, wewe umekunywa nini?"

"Sijakunywa kitu, mama."

"Basi gari ndiyo imekunywa. Na sasa inatapika."

Kahiga akasimamisha gari, akaingia chini yake na suruali yake ya Jumapili. Loo! Tangi lilikuwa linalia machozi. Kwenye ule mshono wa ubavuni, upande wa bomba la eksosi, petroli ilikuwa inachuruzika na kudondoka mavumbini. Akaweka kidole, petroli ikapita kando ya kidole. Alitoka, akatazama mshale wa petroli, akatazama juu kwenye milima ya Nyandarua ambako wingu lilikuwa limeanza kukaa vibaya. Kabla ya giza petroli ingekuwa imekwisha, na mama yake angekuwa amelala kitandani anatazama mvua ikija.

"Toa sabuni," alisema.

"Ati nini?"

"Ile sabuni ya mche uliyonunua mjini. Nipe kipande, mama, tafadhali."

"Sabuni yangu ya kufulia? Unataka kuoga sasa?" Lakini tayari alikuwa anafungua mkoba. Monicah alikuwa mtu wa namna hiyo, mdomo ulikataa huku mikono ikitoa.

Kila dereva wa milimani anaijua dawa ya sabuni. Unaisugua kwenye tundu mpaka inajaa, petroli haiwezi kuiyeyusha, na unafika nyumbani ukimshukuru Mungu. Kahiga alisugua, na kweli tangi likanyamaza. Alishukuru kwa sauti. Wakavuka daraja wakiwa wanacheka, wakaanza kupanda ng'ambo kwa gia ya kwanza, injini inanguruma, na nusu ya mlima harufu ikarudi, mbaya kuliko mwanzo. Safari hii Kahiga aliposhuka alikuta sabuni inatiririka kama uji. Bomba la eksosi lilikuwa la moto kiasi kwamba hangeweza kusogeza uso karibu.

"Zima," alisema Monicah, na hakutania tena. "Zima kabisa. Nilizaa watoto wengi, nataka kuwaona."

Waliisukuma pikapu, na akina mama waliokuwa wanauza viazi kando ya barabara wakaweka chini visu vyao, wakaja kusukuma nao bila kuulizwa, mpaka sehemu tambarare penye vibanda. Kimoja kilikuwa cha fundi wa taa za koroboi. Zilining'inia mlangoni pamoja na karai, faneli na vikombe vya bati, na katikati yake alikaa mtu mnene mwenye ndevu nyeupe, akigonga mkebe wa mafuta ya kupikia. Alikuwa Mmeru, jina lake Mutwiri, na alikuwa amekaa pale miaka mingi hata watu wa Othaya walisahau kwamba alitoka upande wa pili wa Mlima Kirinyaga.

"Fundi," alisema Kahiga, "unaweza kulehemu tangi?"

Mutwiri alinusa hewa, akainuka kwa haraka isiyolingana na unene wake. Akachukua jiko lake lenye makaa, akalibeba mpaka nyuma ya kibanda, mbali kabisa, ndipo akarudi.

"Tangi ninaweza," alisema. "Kufa leo siwezi. Jumapili niko na ubatizo wa mjukuu."

Akalala chini ya gari pamoja na Kahiga. Alitazama tangi, akatazama bomba, akapitisha kidole kwenye matundu mawili ya parafujo yaliyokuwa wazi kwenye fremu.

"Hapa kati ya eksosi na tangi kulikuwa na bati. Bati ngumu hivi. Ilienda wapi?"

Kahiga alijifanya kukagua gurudumu.

"Mshono wa hii tangi umeshikwa na risasi ya kulehemu, kijana. Risasi ikipata moto inalainika. Hiyo bati ndiyo ilikuwa inazuia huo moto. Nani aliitoa?"

"Ni mimi."

"Ukaipeleka wapi?"

Monicah alikuwa amechutama pembeni, kichwa kimeinama chini ya gari, na Kahiga alijua kwamba jibu lake litasimuliwa kisimani mwaka mzima. Lakini afanye nini? Akasema yote. Bati lile lilikuwa linapiga kelele kila barabara ilipokuwa mbaya, kaka-kaka-kaka, akadhani ni la bure. Mvua za mwaka uliopita zilipoanza kudondoka kwenye kitanda cha mama yake, na mama amekataa zamu tena, alilifungua, akalichomeka kwenye nyasi za paa pale palipovuja. Gari likanyamaza na mama akalala pakavu. Alijiona mtu mwenye akili sana.

"Uuuwi!" Monicah alikaa chini kabisa akacheka mpaka leso ikamteleza. "Kumbe ndiyo ile tuliyotupa chini asubuhi! Karibu inikate mguu! Kahiga wa Gathoni, umeziba paa ukatoboa gari!"

Mutwiri hakucheka. Alimtazama Kahiga kwa muda, ubavu kwa ubavu pale mavumbini. "Mama yako ndiye anaezekwa leo?"

"Ndiyo, mzee. Nyasi zimeshatolewa."

"Basi tunapoteza wakati. Leta maji. Maji mengi."

Maji yalikuwa mtoni, chini kabisa mwa ule mlima waliopanda kwa shida. Kahiga aliinuka kwenda, Mutwiri akamvuta: wewe fungua tangi. Monicah hakuambiwa. Aliomba debe na kamba kwa mama mmoja wa viazi, akapitisha kamba kwenye paji la uso, mwenyekiti mzima na leso yake ya harusi, akateremka. Wale wauza viazi wakamtazama, wakatazamana, halafu mmoja akasema, "Ati mama wa watu ataenda peke yake?" wakachukua madebe yao wakamfuata. Walimwachia mwenzao mmoja tu biashara. Kahiga aliwaona wakirudi wamejipanga, migongo imeinama, maji yanawachuruzikia visiginoni. Hakujua jina la hata mmoja.

Petroli iliyobaki waliimimina kwenye debe na kuipeleka mbali. Tangi likasuguliwa kwa maji moto na sabuni, ile sabuni ya Monicah tena. Likatikiswa na kumwagwa, likajazwa upya na kumwagwa tena. Kila mara Mutwiri aliweka pua kwenye mdomo wa tangi, akakunja uso, akasema, "Bado." Kahiga alitazama Nyandarua. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye msitu. Alitamani kusema inatosha, mzee, inatosha, na Mutwiri kama amemsikia akasema bila kugeuka, "Petroli siyo inaua. Ile harufu yake imebaki ndani, hiyo ndiyo inaua. Tulia."

Hatimaye alinusa asikunje uso. Akajaza tangi maji mpaka karibu na mshono, akaacha mahali pa kufanyia kazi tu, ili hewa ya petroli isipate pa kujificha. Akakwangua risasi ya zamani kwa kisu, akasugua bati kwa msasa mpaka likang'aa, akapaka dawa ya kushikisha risasi. Akaenda nyuma kwenye jiko, akarudi na chuma chake cha kulehemia, chenye ncha ya shaba, kikiwa cha moto. Alikigusisha kwenye risasi, ikayeyuka ikakimbia kwenye mshono, nyeupe na laini kama maziwa. Alifanya hivyo mara nyingi, polepole, midomo imebana. Kahiga alishika tangi lisicheze, na katika ukimya ule alijikuta anashukuru kimoyomoyo, kwa mikono ile minene na kwa bahati ya kuharibikiwa mahali pale badala ya pengine.

Wakalijaza maji kulijaribu, halikutoka hata tone. Walimwaga, wakakausha, wakasuuza kwa petroli kidogo, wakafunga tangi mahali pake na kulirudishia petroli yake. Kahiga alikuwa tayari anatafuta ufunguo.

"Unaenda wapi?" Mutwiri aliuliza. "Nimekwambia risasi inaogopa moto. Bila bati utafika kona ya pili, tutaanza tena."

Kahiga aligeuka polepole akatazama mzigo wake. Mabati ya mama yake. Akapima kwa macho, kipande tu, pembeni.

"Usithubutu," alisema Monicah. "Hayo yamehesabiwa na Kingori, fundi wa paa. Ukikata moja, mama yako atakuwa na shimo juu ya kichwa. Utaliziba na nini? Tangi?"

Mutwiri alijikuna ndevu. Aliinua macho kwenye wingu, kisha akaingia ndani ya kibanda chake. Wakasikia misumari inang'olewa, kwii, kwii. Akatoka na kipande cha bati zito, jeusi kwa moshi upande mmoja, na matundu ya misumari pembeni.

"Hii ilikuwa imekaa bure," alisema.

Alikata pembe zake, akalikunja kidogo kwa nyundo, akalifunga kwa parafujo kati ya eksosi na tangi, akaacha nafasi ya vidole pande zote mbili. Kahiga alipouliza habari ya malipo, Mutwiri alichukua kipande cha sabuni kilichobaki, akakinusa, akakitia mfukoni. "Hii inatosha. Mama yangu, Karambu, bado ako chini ya nyasi kule kwetu Imenti. Labda siku moja gari ya mabati yake itaharibika mbele ya fundi. Nenda."

Walipofika nyumbani akina mama walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Kingori alikuwa amekaa juu ya mbao tangu mchana, miguu inaning'inia, amekasirika. Mabati yakapandishwa mkono kwa mkono. Gathoni alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, blanketi mabegani, karibu na lile lundo la nyasi zake za zamani, anakohoa na kutazama. Alikuwa amekataa kwenda kukaa kwa jirani. Alisema kama nyumba yake iko uchi, na yeye atakaa nayo.

Msumari wa mwisho uliingia matone ya kwanza yakianguka. Wakakimbilia ndani wote, wakabanana kama maharagwe kwenye chungu, na mvua ikaja. Hujasikia mvua mpaka uisikie kwa mara ya kwanza juu ya bati jipya. Ilipiga mpaka watu wakazungumza kwa mikono. Gathoni alisimama katikati ya nyumba yake, ameinua uso, kiganja kimekinga. Akangoja. Hakuna kilichodondoka. Akaugeuza mkono, akautazama ulivyo mkavu, na machozi yakamtoka bila aibu yoyote, na Kahiga naye akalia, na Monicah akawaambia wote wawili kwamba wanaleta unyevu ndani ya nyumba.

Kahiga aliinua macho kutazama kazi ya Kingori. Aliona misumari ilivyopangwa pembeni mwa bati. Akaitazama ile misumari.

Yale matundu ya bati la Mutwiri. Ule moshi upande mmoja. Bati lililokaa bure haliwi na moshi wa jiko upande wa chini. Na misumari ile ilikuwa inang'olewa kutoka wapi, kama si juu?

"Mama," alisema, kisha akalazimika kupaza sauti sikioni mwake. "Yule fundi! Alitoa bati ya paa yake! Ananyeshewa sasa hivi!"

Akamweleza yote, sikioni, pamoja na habari ya lile bati lililokuwa likipiga kelele. Gathoni alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alijifunika blanketi kichwani, akatoka kwenye mvua, na kabla mtu hajamzuia alikuwa anafukua lundo la nyasi kwa mikono yake miwili. Akarudi na kile kipande cha bati la pikapu, kinachuruzika maji, akaelekea moja kwa moja kwenye gari.

"Gathoni, kifua!" Monicah alipiga kelele. "Nyumba mpya! Kaa ndani ya nyumba yako!"

"Nitaikuta," alisema Gathoni, akapanda.

Barabara ilikuwa bado haijalainika. Kahiga aliendesha kwa uangalifu, na chini yao hakukuwa na harufu wala kelele. Walipofika kwenye vibanda bado kulikuwa na mwanga kidogo. Mutwiri alikuwa ameketi kwenye kona moja ya kibanda chake, gunia kichwani, karai kubwa amelifunika juu ya jiko lake, na katikati ya sakafu kulikuwa na dimbwi. Mvua ilipita moja kwa moja kwenye shimo la paa, pana kama sinia, na yeye alikuwa anavuta tumbaku kwa utulivu wa mtu aliyejua tangu mchana kwamba itakuwa hivi.

Aliona gari akasimama upesi. "Imevuja tena?"

"Haijavuja," alisema Kahiga. Alitaka kusema mengi. Yaliyotoka ni, "Mzee, kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngechukua?"

Gathoni alikuwa ameshashuka. Alimtazama yule mtu mnene aliyelowa, akalitazama shimo, akaweka bati chini. Alimshika Mutwiri mikono, akamfungua viganja, akavitemea mate kidogo kama wazee wabarikivyo, akamtaja mama yake kwa jina, Karambu, kama mtu aliyemjua. Mutwiri aliinamisha kichwa. Alikuwa mzee mwenyewe, lakini pale alisimama kama mtoto.

Kahiga alipanda juu na nyundo ya kuazima, mvua inamwingia shingoni, na mama yake akamwinulia koroboi mojawapo ya zile za mlangoni ili aone. Alipigilia kona zote. Mvua ndani ikakatika, ikabaki inapiga juu tu.

"Sasa gari itakaa na ile yangu?" Mutwiri aliuliza, akifunua jiko lake.

"Itakaa nayo," alisema Kahiga kutoka juu. "Lakini hii ni kuukuu, mzee. Kesho nitakuletea nzuri."

Gathoni aliinua taa, akakitazama kipande kile pale juu, kimejikunja, kina kutu kwenye parafujo.

"Usilete nyingine," alisema, akavuta kigoda cha fundi karibu na jiko na kukaa. "Hiyo naijua, Mutwiri. Nimelala chini yake mvua zote za mwaka jana."